Anaimba "ba be bi bo bu", lakini hasomi

"Mwalimu, silabi zote anazijua, sijui kwenye kitabu anakwama wapi." Ndivyo alivyoniambia mama mmoja aliyeniletea mwanawe wa darasa la tatu. Nikamwekea mtoto chati, akaimba kuanzia ba hadi zu bila kukosea. Kisha nikaifunika na kumwonyesha kadi moja tu: bo. Akakodoa macho, midomo ikawa inacheza kimyakimya, ba, be, bi... "Bo!"

Alikuwa ameshika wimbo. Ukiukata katikati, hana pa kuanzia.

Tangu hapo kipimo changu cha kwanza ni maneno ya uongo: lomu, nibo, tasike. Hayakaririki, kwa hiyo mtoto anayeyasoma anasoma kweli. Huyu hakuweza hata moja, tukarudi kwenye sauti. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Tanzania wa 2015 ulitilia mkazo sauti za herufi, ila nyumbani bibi bado anamfundisha "a, be, che, de". Mtoto akikutana na neno mama anaanza "me-a-me-a", na hapo kuunganisha kunashindikana.

Naanza na m, s, n, a, i. M na s zinavutika: mmmaaa, sssiii, mtoto anasikia sauti moja ikiingia katika nyingine. B na t hazivutiki. Ukizitamka peke yake unachomeka irabu bila kujua, naye anasikia "bu-a". Kwa herufi hizo tano tu tayari ana mimi, sisi, nani, sina, amani, simama. Mwaka 2000 jopo la Marekani, National Reading Panel, lilipitia tafiti na kukuta kwamba kufundisha herufi na sauti zake kwa mpangilio kunasaidia wanaoanza kusoma, na wenye shida pia. Hayo ni kwa Kiingereza, ambacho tahajia yake ni vurugu. Sisi tunaandika karibu kama tunavyotamka, tuna kisingizio gani?

Lakini Kiswahili nacho kina mitego. Mtu husomwa "matu" kwa sababu mtoto amezoea kwamba kila konsonanti ina irabu yake. Tunapiga makofi: m-tu, mawili. Mbuzi ni makofi mawili, mbunge matatu, ingawa yote yanaanza na mb. Ng'ombe na ngoma nazitenga wiki nzima. Mtoto akitamka kalamu "karamu" kwa lafudhi ya kwao, simkatizi; kusoma amesoma.

Mlima wenyewe ni maneno marefu. Hawakutuambia lina silabi saba. Anayekwenda silabi moja moja akifika -a ya mwisho ameshasahau ha. Hivyo nina kadi za vipande: hawaku, wali, nita, tuambia. Anavitazama mpaka avitambue kwa mkupuo, kisha tunaviunganisha. Katika lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kiitaliano na Kifini, mwenye shida ya kusoma mara nyingi hupatia maneno ila huenda polepole mno. Kwa hiyo sihesabu makosa tu, natazama na saa.

Wazazi huomba tuisheni ya muda wa saa tatu kila Jumamosi. Nawakatalia. Dakika ishirini kila siku, na kadi zibaki nyumbani, zichanganywe kabla ya kuanza. Bibi nimempa kazi ya kuzichanganya.