Kuandika moja kwa moja diskini: kinachorukwa ni kashe, si mfumo wa faili

Kwenye mijadala ya seva na hifadhidata kuna kauli iliyozoeleka mno: "Tumewasha O_DIRECT, kwa hiyo data ikishaandikwa iko salama, na mfumo wa faili hautucheleweshi tena." Ina makosa mawili. La kwanza hupoteza data umeme unapokatika. La pili huwafanya watu watafute chanzo cha ucheleweshaji mahali ambapo hakipo.

O_DIRECT ni bendera ya kufungulia faili, na maana yake ni fupi. Kwa kawaida programu ikiita write, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) hunakili baiti kwenye kashe ya kurasa iliyo kwenye RAM, hujibu papo hapo, na kuzipeleka diskini baadaye. Faili ikifunguliwa kwa O_DIRECT, nakala hiyo haifanyiki: kifaa huchukua data kutoka kwenye bafa (eneo la RAM) ya programu yenyewe, na write hairudi mpaka kifaa kikiri kuipokea. Linux ina bendera hii tangu kerneli 2.4.10 ya mwaka 2001, na kabla ya hapo IRIX ya SGI ilikuwa nayo.

Basi, kinachorukwa ni kashe ya kurasa peke yake. Mfumo wa faili bado uko njiani, na kwenye maandishi madogo madogo gharama nyingi ziko kwake, wala si kwenye kunakili baiti 4096.

Tazama kinachotokea kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, unapoongeza baiti hizo 4096 mwishoni mwa faili. Lazima itafutwe bloku tupu, iingizwe kwenye ramani ya faili, ukubwa wa faili ubadilishwe kwenye inodi (rekodi ya maelezo ya faili), na mabadiliko yote hayo yaingie kwenye muamala wa jarida, ambamo mfumo wa faili huandika mabadiliko yake kwanza. Wakati huo inodi imeshikwa kwa kufuli la mtu mmoja. Thredi nyingine (mkondo mwingine wa kazi) inayotaka kuandika kwenye faili hiyohiyo itasubiri, hata kama inaandika sehemu ya mbali kabisa. Wanaotumia libaio, maktaba ya kutuma maombi ya diski, wakitegemea kwamba kutuma ombi hakusubiri hushangaa wito wake wa kutuma, io_submit, unapokwama: unasubiri bloku itengwe.

Sasa andika baiti zilezile 4096 juu ya bloku ambayo tayari ina data. Ramani inasomwa tu, ukubwa haubadiliki, hakuna bloku ya kutafuta, na kwenye kerneli za siku hizi kufuli hushirikiwa, hivyo thredi nyingi huandika kwa pamoja. Ombi ni lilelile, bendera ni ileile, lakini kazi ya mfumo wa faili ni nyingine kabisa. Anayetaka kupunguza gharama za ziada aanzie hapa: maandishi yake yawe ya kuandika juu ya kilichopo, yasiwe ya kurefusha faili.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia fallocate, inayotengea faili nafasi mapema. Inasaidia nusu ya njia. Bloku hutengwa mapema, ndiyo, lakini hupewa alama kwamba hazijaandikwa, ili anayezisoma apate sifuri badala ya mabaki ya faili iliyofutwa ya mtu mwingine. Siku bloku hiyo inapoandikwa kwa mara ya kwanza, mfumo wa faili lazima uiondoe alama baada ya data kufika, na kazi hiyo nayo hupita kwenye jarida. Ukiandika katikati ya kipande kirefu chenye alama, ramani yaweza kukatwa vipande vitatu: kabla, hapo ulipoandika, na baada. Unaweza kuliona kwa macho. Tengeneza faili kwa `fallocate -l 1G kumbukumbu.dat`, kisha endesha `filefrag -v kumbukumbu.dat` inayoonyesha ramani ya faili, na kila mstari wa ramani utakuwa na neno unwritten upande wa kulia. Halafu ijaze sifuri za kweli:

`dd if=/dev/zero of=kumbukumbu.dat bs=1M count=1024 oflag=direct conv=notrunc,fsync`

Endesha filefrag tena na alama itakuwa imeondoka. Hiyo notrunc usiisahau: bila hiyo dd huikata faili hadi sifuri kabla ya kuanza, bloku zote zinaachiliwa, na umerudi kwenye kutenga upya.

Hifadhidata ya PostgreSQL hufanya jambo hilihili kwa faili zake za WAL (ambamo mabadiliko huandikwa kwanza), kila moja ikiwa na megabaiti 16 kwa kawaida: huzijaza sifuri kwanza, na zilizokwisha kazi huzipa jina jipya na kuzitumia tena. Tangu toleo la 12 mambo hayo mawili yana swichi zake, wal_init_zero na wal_recycle. Zinaweza kuzimwa kwa sababu kwenye mifumo kama Btrfs na ZFS, ambayo huandika kila badiliko kwenye bloku mpya, kujaza sifuri mapema hakukupi chochote.

Kuhusu ulinganifu, vitu vitatu lazima vigawanyike sawasawa: anwani ya bafa, urefu wa ombi, na nafasi ndani ya faili. Kipimo cha chini kwa kawaida ni sekta ya kifaa, mara nyingi baiti 512 (`blockdev --getss` itakuonyesha), na ukikosea write hurudisha EINVAL, kosa la ombi batili. Kwenye kerneli 6.1 na kuendelea, wito wa statx wenye STATX_DIOALIGN unaweza kukupa vipimo vya faili husika. Ila kukubaliwa si sawa na kuwa nafuu. Ombi la baiti 512 ndani ya bloku ya 4096 laweza kuilazimisha XFS (mfumo mwingine wa faili) kuifunga faili nzima, na diski ambayo sekta yake halisi ni 4096 itabidi isome, ibadilishe, iandike tena. Tenga bafa kwa posix_memalign yenye ulinganifu wa 4096 na uandike kwa mafungu ya 4096. Tena yaunganishe mwenyewe: megabaiti moja iliyotumwa kwa vipande vya kilobaiti 4 ni safari 256 kamili, maana kashe iliyokuwa ikikuunganishia umeiondoa.

Usichanganye pia njia mbili kwenye faili moja. Programu moja ikiandika kwa O_DIRECT huku nyingine ikisoma kawaida au kwa mmap (faili ikionekana kama sehemu ya RAM), kerneli hulazimika kusukuma na kufuta kurasa za sehemu ile kila mara.

Nikirudi kwenye kosa la kwanza, ambalo ndilo la hatari zaidi. Niliandika hapo juu kwamba kifaa "hukiri kuipokea". Kupokea si kuhifadhi. Diski nyingi zina kashe yao ya ndani inayopotea umeme ukikatika, na O_DIRECT peke yake haitumi amri ya kuimwaga. Isitoshe, ukubwa mpya wa faili na ramani yake bado viko kwenye RAM mpaka muamala wa jarida ufungwe, na kwa ext4 muda wa kawaida wa kufunga ni sekunde 5. Umeme ukikatika katikati ya sekunde hizo, data yaweza kuwa kwenye diski kabisa na faili isijue kwamba ipo. Hifadhidata ya MySQL ina mfano wake: mpangilio O_DIRECT_NO_FSYNC, yaani O_DIRECT bila fsync (wito wa kulazimisha data na maelezo ya faili vidumu diskini), haukupendekezwa kwa XFS na ext4 kabla ya toleo 8.0.14, na tangu hapo fsync huitwa faili inapoundwa, inaporefushwa na inapofungwa.

Udumu huombwa kwa fdatasync, ndugu wa fsync, baada ya kuandika, au kwa kufungua faili kwa O_DIRECT pamoja na O_DSYNC, bendera inayofanya kila write isubiri data idumu. Faili iliyojazwa mapema hunufaika tena hapa: ombi likiwa ni la kuandika juu tu, na kifaa kikikubali amri ya FUA (andika hili moja kwa moja hadi lidumu), kerneli inaweza kuweka alama kwenye ombi hilo moja badala ya kumwaga kashe yote ya diski. Kwa faili inayorefuka njia hiyo haipatikani, kwa kuwa jarida nalo lina zamu yake.

Basi ukikuta kwenye faili ya usanidi maelezo yanayosema "O_DIRECT: usalama wa data", yabadilishe yasome "O_DIRECT: bila kashe ya kurasa". Kisha endesha strace, inayoorodhesha miito ya programu kwa kerneli: `strace -f -T -e trace=openat,pwrite64,fdatasync,fsync` kwenye programu inayoandika kwa njia hii. Ukiona pwrite64 (write kwenye nafasi iliyotajwa) zinafuatana bila fdatasync wala fsync, na O_DSYNC haipo kwenye openat, hakuna aliyeomba data idumu.