Je, wajua kwa nini katika michoro ya kale ya kanisani mti huota mwilini mwa mzee aliyelala?

Ukiingia katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli mjini Hildesheim, Ujerumani, inua kichwa. Dari yote ni mchoro mmoja wa karne ya 13, uliopakwa juu ya vipande 1,300 hivi vya mbao za mwaloni, urefu wake unapita mita 27. Adamu na Hawa wametangulia. Anayewafuata ni mzee aliyelala usingizi, na mwilini mwake pameota mti. Mti huo unatambaa dari nzima, umebeba wafalme wanne, kisha Mariamu, kisha Kristo.

Mzee huyo ni Yese, baba yake Daudi, na mchoro wa namna hii huitwa Mti wa Yese. Mmojawapo wa kale zaidi unaojulikana uko katika kitabu cha Injili kilichotengenezwa katika miaka ya 1080 kwa heshima ya kutawazwa kwa Vratislav, mfalme wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo). Baadaye ukaenea kwenye vioo vya madirisha, kuta na vinyago vya mbao.

Sasa, mbona shina awe Yese? Daudi ndiye mwenye taji na kinubi. Ibrahimu ndiye ambaye Mathayo anaanza naye anapoandika ukoo wa Yesu. Yese hakutawala hata kijiji.

Wachoraji walilitoa wazo hilo kwa nabii Isaya, sura ya 11, anaposema kuwa chipukizi litatoka katika shina la Yese. Wengi huanza kusoma hapo hapo, na hivyo hupitwa na mistari miwili iliyo juu yake, inayofunga sura ya 10. Humo Bwana anakata matawi, miti mirefu inaanguka, msitu unafyekwa kwa chuma. Kwa hiyo shina la Isaya ni kisiki. Neno la Kiebrania alilotumia ndilo linalotumika katika Ayubu 14 kwa mti uliokatwa, ambao shina lake linafia udongoni. Nabii anaona ukoo wa kifalme umekatwa mpaka chini, na chini ya wafalme hao wote kuna nani? Mtu wa Bethlehemu mwenye kondoo na watoto wanane wa kiume. Ufalme unachipuka upya pale ulipokuwa kabla haujawa ufalme.

Ajabu ni kwamba wachoraji walikiacha kisiki, wakachora mti uliostawi. Na wafalme wakaupenda. Kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, walikozikwa wafalme wa Ufaransa, lina dirisha la Mti wa Yese la wakati wa abate Suger, mkuu wa watawa wa hapo, karibu mwaka 1144. Mfalme aliyesimama mbele ya dirisha hilo aliona wafalme wenzake wamekaa matawini wakielekea kwa Kristo. Sidhani kama alikiulizia kisiki.

Kuota mwilini ni jambo jepesi kidogo kulieleza. Lugha ya Biblia huweka uzao kiunoni mwa baba: katika Mwanzo 35 Yakobo anaambiwa kuwa wafalme watatoka viunoni mwake. Mchoraji ameyachukua maneno hayo yalivyo, akayapaka rangi.

Usingizi je? Maandiko hayasemi popote kwamba Yese alilala akaota ndoto hii. Lakini mtazamaji wa zama zile aliwajua wengine waliolala: Adamu, ambaye Hawa alitolewa ubavuni mwake akiwa usingizini, na Yakobo, aliyeiona ngazi ya mbinguni akiwa ameweka kichwa juu ya jiwe. Aliyelala hafanyi kitu, anatendewa.

Kuna kasoro moja ambayo wachoraji waliiruka kwa ustadi. Ukoo wa Mathayo unaishia kwa Yosefu, mume wa Mariamu, lakini mtini anakaa Mariamu mwenyewe. Mapokeo yalikwisha kumhesabu naye katika nyumba ya Daudi, na Kilatini kikaongeza utamu: chipukizi ni virga, bikira ni virgo. Kwa masikio ya padri wa karne ya 12, Isaya alikuwa amemtaja Mariamu waziwazi. Waliopotea njiani ni Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao Mathayo aliwataja kwa makusudi na ambao mara nyingi hawapewi tawi. Kwangu mimi hapo mchoro ni maskini kuliko maandishi.

Katika dirisha la kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, la karibu mwaka 1150, Kristo aliye kileleni amezungukwa na njiwa saba, yaani vipaji vya Roho vinavyotajwa katika Isaya 11. Ukivihesabu katika Kiebrania utapata sita. Cha saba kilizaliwa katika tafsiri ya Kigiriki, kikapokelewa katika Kilatini, kikaota mabawa katika kioo.

Jambo jingine la kutazama ni mwelekeo. Tumezoea kusema vizazi hushuka, babu juu, wajukuu chini. Mti hauwezi hivyo. Babu anakuwa chini kabisa, mjukuu kileleni. Hata neno letu shajara, tunalolitumia kwa orodha ya nasaba, ni mti kwa Kiarabu.

Dari ya Hildesheim ilishushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikafichwa kipande kwa kipande. Machi 1945 mabomu yaliliteketeza kanisa. Lilipojengwa upya, mbao zilirudishwa juu, Yese akiwa bado amelala.