Mashine ya Kuoshea Vyombo Ikigoma, Anza na Maji

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme vya majumbani hapa Dar es Salaam, na siku hizi mashine za kuoshea vyombo zimeongezeka kiasi cha kunipa kazi karibu kila juma. Malalamiko ninayoitiwa hayatofautiani sana: mashine imekufa, vyombo vinatoka na ukungu mweupe, maji yamebaki chini. Mara nyingi mwenye nyumba huwa ameshaambiwa na jirani kwamba bodi, yaani sakiti ya umeme inayoiongoza mashine, imeungua. Kwa maoni yangu bodi ni ya mwisho kushukiwa. Mashine hii huingiza maji, huyapasha moto, huyarusha kwenye vyombo, kisha huyatoa nje. Anayeifuata njia hiyo kuanzia kokini hadi kwenye bomba la maji machafu, bila kuruka hatua, hulikuta tatizo mapema, na pengine bila kununua kitu.

Tuanze na kuingia. Programu ya kawaida hutumia takriban lita 10 hadi 15 kwa jumla, kwa mafungu ya lita chache chache, kila fungu likizungushwa na pampu mara nyingi kabla ya kumwagwa. Nguvu ya kurusha maji, kwa hiyo, inatoka kwenye pampu ya mashine wala si kwenye bomba la nyumba. Hata hivyo valvu ya kuingizia maji inahitaji msukumo fulani ili ipitishe maji kwa kasi inayotakiwa, na vitabu vya mashine nyingi hutaja kiwango cha chini cha 0.5 bar, ambacho ni sawa na kimo cha mita 5 za maji. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 kando ya nyumba isiyo na ghorofa halifikishi msukumo huo jikoni. Bomba la sinki litaonekana linatoa vizuri, lakini mashine itasubiri, itahesabu muda wake, kisha itawasha taa yenye alama ya koki na kusimama. Hapo valvu mpya haisaidii. Kinachohitajika ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo, au tangi kupandishwa juu zaidi.

Kabla ya kufikia gharama hiyo, funga koki, fungua mpira wa kuingizia maji, na utazame ndani ya mdomo wake. Kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho huchomolewa kwa koleo bila shida. Katika nyumba ambayo tangi halijaoshwa kwa muda mrefu, wavu huo huwa umefunikwa na matope mekundu na punje za kutu, na kuusuuza hurudisha mashine kazini siku hiyohiyo.

Aina ya maji ni jambo zito zaidi kuliko msukumo wake. Nyumba nyingi hapa jijini huchanganya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, na maji ya kisima. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani, Zanzibar na Mombasa zikiwemo, imekaa juu ya miamba ya matumbawe, na miamba hiyo ni chokaa. Maji yanayopita humo hubeba kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana tunayaita maji magumu. Pembeni ya tatizo hilo kuna jingine: visima vilivyo karibu na ufuo huweza kuingiliwa na maji ya bahari, yakawa na chumvi hasa. Matatizo haya mawili huacha alama zinazofanana kwenye glasi, lakini dawa yake si moja, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Kuyatofautisha ni rahisi. Chukua glasi yenye ukungu, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji safi ya chupa. Ukungu ukiondoka mara moja, hiyo ni chumvi iliyokauka. Usipoondoka, paka ndimu au siki na uache kwa dakika chache. Ukiyeyuka, ni chokaa. Ukibaki hata baada ya ndimu, na glasi ina vivuli vya rangi rangi ukiielekeza kwenye mwanga, basi kioo chenyewe kimeliwa na hakirudi tena. Hali hii ya mwisho hutokea zaidi pale maji yanapokuwa laini kupita kiasi, sabuni ikawa nyingi na joto likawa kali; anayeongeza sabuni ili kuuondoa ukungu huo anauzidisha.

Kwa chokaa, mashine nyingi za Ulaya zina dawa yao wenyewe: tangi dogo la chumvi chini ya sakafu ya ndani, lenye kifuniko cha kuzungusha. Chumvi hiyo haigusi vyombo. Maji yanayoingia hupitishwa kwenye punje za resini ambazo hukamata kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu badala yake. Resini ikishiba, mashine huiosha kwa maji ya chumvi na kuifanya ianze upya. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu punje zake ni ndogo mno, huganda na kuziba, tena huchanganywa na vitu vingine kama dawa ya kuzuia kushikana. Chumvi ya mawe isiyosafishwa nayo huja na mchanga na magnesiamu ileile tunayoikimbia. Tafuta chumvi safi ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine hizi, na ukishaijaza washa programu palepale, maana chumvi iliyomwagika ikilala juu ya chuma cha pua huacha vidoa vya kutu. Kisha upange kiwango cha ugumu kwenye mipangilio kwa kufuata kitabu chako. Mashine haijui unaishi juu ya mwamba gani. Ukikosa karatasi za kupimia, tikisa kipande cha sabuni ya mche ndani ya chupa yenye maji ya bomba lako: povu jingi linalodumu ni dalili ya maji laini, na utando mweupe unaoelea bila povu ni dalili ya maji magumu. Kipimo hiki hakitoi namba, lakini kinatosha kukuambia uanze juu au chini.

Mwenye maji ya kisima yaliyoingiliwa na bahari, kwa upande mwingine, asitegemee resini kumwokoa. Resini haiondoi sodiamu wala kloridi, na kloridi nyingi hutoboa chuma cha pua taratibu. Namshauri aiunganishe mashine na maji ya DAWASA peke yake, kwa tangi lake ikibidi. Kadhalika, mashine zilizokuja na mizigo ya ndugu kutoka Marekani kwa kawaida hazina tangi la chumvi, na hutengenezwa kwa umeme wa volti 120. Kwa maoni yangu afadhali zingebaki hukohuko.

Kurusha maji ndiyo hatua inayoonekana kwa macho, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Chomoa mkono wa kurushia maji, ule wa chini huvutwa tu kwenda juu katika mashine nyingi, uelekeze kwenye dirisha na utazame matundu yake. Utakuta mbegu ya ndimu imekaa sawasawa kwenye tundu moja, punje ya wali kwenye jingine, na ukingo wa chokaa umepunguza upana wa yaliyobaki. Yazibue kwa kijiti cha meno, tikisa mkono usikie kama kuna kitu kinacheza ndani, kisha usuuze kwa maji yanayotiririka. Chujio lililo chini yake lioshwe kila wiki kwa brashi laini. Katika miji ya baridi, Arusha na Nairobi kwa mfano, mafuta ya nazi huganda kwenye chujio, kwa kuwa huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi. Anayepika kwa tui na kuosha kwa programu fupi ya joto dogo kila siku ataanza kusikia harufu. Programu ya nyuzi 65 au 70 mara moja kwa wiki huyayeyusha.

Kwa chokaa iliyokwisha kujijenga ndani, tumia asidi ya sitriki, gramu 100 hivi, ukiwasha programu ya joto mashine ikiwa tupu. Usichanganye kamwe asidi hiyo, siki au ndimu na dawa ya kutoa madoa yenye klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Nikiwa kwenye kurusha, niseme neno kuhusu sufuria za alumini. Zikitoka nyeusi si uchafu, wala mashine haijaharibika. Sabuni ya mashine ni alkali kali, nayo hula tabaka jembamba linaloikinga alumini. Kuchemsha maji yenye ndimu ndani ya sufuria hupunguza weusi huo, lakini utarudi kila ukiiosha humo. Sufuria hizo, pamoja na mwiko, kinu, mbuzi ya nazi na visu vya mpini wa mbao, zioshwe kwa mkono. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono nayo isitiwe ndani ya mashine hata kidogo, kwani povu lake hufurika hadi kwenye trei ya chini, boya la usalama hunyanyuka, na mashine huanza kutoa maji mfululizo na kukataa kuingiza mengine. Ukiiona ikifanya hivyo, chomoa umeme, funga koki na ukaushe trei hiyo. Ikiwa hukutia sabuni ya povu, kagua raba ya mlango na maungio ya mipira, kwa maana maji hayo yametoka mahali.

Maji yakibaki chini baada ya kuosha, yachote kwa kikombe, toa chujio, na ufungue kifuniko kidogo cha pampu ya kutolea. Zungusha pangaboi lake kwa kijiti, si kwa kidole, kwa sababu kinacholikwamisha mara nyingi ni kipande cha glasi au mwiba wa samaki. Mpira wa kutolea maji nao lazima upande hadi karibu na uvungu wa kaunta kabla ya kushuka kwenye bomba la sinki, la sivyo maji ya sinki hurudi ndani ya mashine.

Vyombo vikitoka baridi na kidonge cha sabuni hakijayeyuka, hita ndiyo ya kushukiwa. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huwa na ukinzani wa karibu omu 26; kipimo cha umeme kisiposoma kitu, hita imekatika. Ikisoma vizuri, endelea na kihisi cha joto, kisha nyaya.

Umeme unapokatika katikati ya programu, mashine nyingi hukumbuka zilipofikia. Hatari iko pale umeme unaporudi kwa kishindo. Kilinda umeme kinachouzwa kwa ajili ya friji kwa kawaida ni kidogo mno, kwa kuwa hita pekee huvuta karibu ampea 9. Nunua cha ampea 13 au zaidi, na usitumie waya wa kurefusha wenye soketi nyingi. Ukishayapitia haya yote na bado mashine haiwaki, ndipo bodi itolewe na fundi aikague, akianza na relei ya hita, yaani swichi ndogo inayoiwasha na kuizima, na madoa meusi kwenye lehemu, maana kubadili relei moja ni nafuu kuliko kununua bodi nzima. Ikibidi kununua, nakili namba kamili ya modeli kutoka kwenye lebo iliyo ubavuni mwa mlango, kwa sababu mashine mbili zenye sura moja huweza kuwa na bodi zilizowekewa programu tofauti.