Karantini si kutenga mgonjwa

Karantini ni kumzuia kwa muda mtu asiyeumwa ila alikutana na mgonjwa, au katoka penye ugonjwa, mpaka ijulikane kama ameambukizwa. Aliyekwisha kuugua hawekwi karantini, huyo anatengwa.

Kwenye zahanati moja mtaani kwetu bado kuna bango la lugha mbili la wakati wa UVIKO-19. Upande wa Kiingereza una maneno mawili tofauti, la mzima anayengojewa ijulikane kama ameambukizwa, na la mgonjwa. Upande wa Kiswahili yote mawili yameandikwa "karantini". Kwa hiyo bango lilelile linamwambia msomaji wa Kiingereza kwamba jirani anangojewa tu, na linamwambia msomaji wa Kiswahili kwamba jirani keshapata ugonjwa.

Linaniuma zaidi kwa sababu neno hili lingetukaa vizuri kuliko wengi. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Croatia, uliamuru waliotoka penye tauni wakae nje siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye zikawa 40, na kwa lugha ya Venice zikaitwa quarantena, yaani arobaini. Arobaini tunayo! Mzazi anakaa ndani siku arobaini, anapikiwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayemwita mgonjwa wala mfungwa. Elimu ya afya ingeanzia hapo. Siku zenyewe sasa hufuata muda ambao kirusi huweza kujificha mwilini kabla ya dalili kuonekana: 14 kwa UVIKO-19 ilipoanza, 21 kwa Ebola na Marburg.

Badala yake neno limeshikana na jela. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilijengewa gereza miaka ya 1890; kikaishia kuwa kituo cha karantini cha abiria wa meli, lakini hadi leo watalii wanakiita cha magereza. Na Aprili 2020, Kenya, waliokamatwa nje saa za kafyu walipelekwa karantini, kama adhabu. Baada ya hapo, nani atamtajia mhudumu wa afya majina ya aliokula nao?

Basi wewe unayeandaa bango lijalo, mgonjwa mwandikie "kutengwa". Aliyekutana naye mwandikie "karantini", na pembeni, kwa herufi zilezile kubwa, ongeza: haumwi, anangojewa.