Halsey hakuwepo Midway jamani

Kuna watu bado wanasema Admirali Halsey wa jeshi la majini la Marekani ndo aliwachapa Wajapani kwenye vita vya pale Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, Juni 1942. Sio kweli, jamaa alikuwa amelazwa hospitali Pearl Harbor, ngozi inamuwasha vibaya mno, akampendekeza Raymond Spruance ashike nafasi yake, mtu wa meli za kivita za kruza ambaye hata urubani hakusomea! Na Spruance naye hakuwa peke yake, mkubwa wake kule baharini alikuwa Frank Jack Fletcher, mpaka Yorktown, meli ya kubeba ndege aliyokuwa anaitumia, ilipopigwa ndo akamwachia mwenzake amri. Meli nne za kubeba ndege za Japani zikazama: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Halafu nyota ya tano, yaani cheo cha juu kabisa cha admirali, akaja kupewa Halsey, Spruance akakosa, mi naona alionewa.