Kukua kiroho: maziwa, shubiri na kanzu ya Samweli

"Kukua kiroho" ni maneno yasiyokauka midomoni mwa Wakristo wa Nairobi. Askofu huwaombea hayo vijana wa kipaimara, mama wa chama huyataja anaposhuhudia, na kijana aliyeacha kuhudhuria kesha ya Ijumaa huambiwa amedumaa, au amerudi nyuma. Ukiuliza kinachokua ni nini hasa, majibu hutawanyika. Kwa mmoja ni kujua mistari mingi kwa moyo, kwa mwingine ni kupewa huduma, kwa mwingine ni kuomba saa tatu bila kusinzia.

Biblia huliweka jambo hili mahali pa nyumbani zaidi: kwenye ziwa la mama. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba aliwanywesha maziwa kwa sababu chakula hawakukiweza. Petro anawataka waumini wapya wayatamani maziwa kama watoto wachanga, na Waraka kwa Waebrania unawasuta watu ambao kwa muda waliokaa wangekuwa walimu, lakini bado wananyonya. Kwa hiyo maana nyepesi ya kukua kiroho ni hii: imani ya mtu kukomaa mpaka isimame juu ya Yule anayempa, hata siku ambayo hajapewa kitu.

Wayahudi wa zamani waliona kuachishwa ziwa kuwa siku kubwa. Isaka alipoachishwa, Ibrahimu alifanya karamu. Hana naye alimpeleka Samweli hekaluni Shilo baada tu ya kumwachisha, akamwacha huko na kuhani Eli.

Hadithi ya Samweli ndiyo ninayoipenda zaidi ninapozungumza na wazazi, kwa sababu ya sentensi moja ambayo wengi huipita mbio. Mtoto huyu alilala hekaluni na kufungua milango yake asubuhi, na bado 1 Samweli 3:7 inasema alikuwa hajamjua Bwana. Mungu alimwita mara tatu, naye mara tatu akakimbilia kwa mzee Eli akidhani ni yeye. Hakukemewa kwa kutojua. Alihitaji mtu mzima wa kumwambia, rudi ukalale, ukiitwa tena ujibu hivi.

Hivyo ndivyo imani ya utotoni inavyokuwa mara nyingi. Mtoto wa Kayole au Kawangware anajua nyimbo zote za sande skuli pamoja na ishara zake za mikono, anafunga macho wakati wa kuombea ugali kisha anafungua moja aone nyama imebaki ngapi. Sauti ya Mungu kwake inafanana na sauti ya mama, ya shosho, ya mwalimu wa Jumapili. Huo si unafiki, ni maziwa. Mzazi anayemlazimisha mtoto wa miaka saba atoe ushuhuda wa mtu mzima anamlisha githeri kabla ya meno.

Mwaka 2020 tuliona jambo hili kwa namna ya ajabu. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Julai baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, ibada ziliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na waliokatazwa kuingia walikuwa wenye umri chini ya miaka 13 na wale waliozidi 58. Yaani Samweli na Eli wote walibaki nyumbani! Palipokuwa na shosho na mjukuu chini ya paa moja, sande skuli ilihamia mezani.

Sasa kuhusu nyakati ngumu. Kule Uhispania, mtawa Mkarmeli Yohane wa Msalaba alifungwa gerezani Toledo mwaka 1577, na waliomfunga ni Wakarmeli wenzake waliopinga mageuzi ya shirika lao. Alitoroka mwaka uliofuata. Baadaye, akieleza kwa nini mtu aliyekuwa akifurahia sala huamka siku moja akaona zimekuwa kavu kama mkaa, alitumia mfano ambao mama yeyote wa huku angeutambua: mama hupaka shubiri kwenye ziwa lake, mtoto aonje uchungu aache, kisha humshusha chini kutoka mikononi ajifunze kutembea. Huku kwetu wengine hupaka pilipili au mwarobaini, shabaha ni ileile. Mtoto analia akidhani amechukiwa. Mama yupo palepale, na anampikia uji.

Hapo lazima niweke breki, kwa sababu mfano huu umewaumiza watu. Yohane alikuwa anazungumzia ukavu wa sala. Kodi iliyopanda si shubiri ya Mungu. Mvua za Aprili 2024 zilipofurisha Mto Mathare na kubeba nyumba, aliyempoteza mtoto hakuhitaji jirani wa kumwambia kwamba Bwana anamkuza. Kiswahili chetu kinachangia mkanganyiko huu, maana "majaribu" hubeba mizigo miwili: taabu inayopima imani na kishawishi cha kutenda dhambi. Yakobo anatumia neno hilo mwanzoni mwa waraka wake akisema majaribu huleta saburi, kisha mstari wa 13 anaonya mtu asiseme anajaribiwa na Mungu. Kinachoahidiwa ni kwamba taabu yaweza kuzaa kitu. Haisemwi kwamba kila taabu ilitumwa ili izae, wala kwamba mazao yataonekana kabla ya matanga kwisha. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kumalizikia gizani, na haikuondolewa katika Biblia.

Kwa hiyo dalili ya kukua, kwa mtu aliyepitia moto, huwa ndogo kuliko tunavyotangaza madhabahuni. Zaburi ya 131 inaichora: nafsi iliyotulia kama mtoto aliyeachishwa, kifuani mwa mama yake. Anayenyonya akiwekwa hapo hupapasa akitafuta ziwa. Huyu ameegemea tu, kwa sababu ni mama. Na Yesu alipowataka wanafunzi wawe kama vitoto, hakuwarudisha kwenye chupa. Paulo anaweka mpaka vizuri anapowaambia Wakorintho wawe wachanga katika uovu lakini watu wazima katika akili.

Hana, baada ya kumwacha mwanawe Shilo, alimshonea kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea alipopanda kutoa dhabihu. Alikuwa anakata kitambaa bila kumwona mtoto, akikisia mabega yamefika wapi tangu mwaka jana.