Je, wajua? Kwa nini asilimia 20 ya mwisho ya chaji hukawia kuliko nusu ya kwanza

Kwa miezi miwili hivi nilikuwa na ugomvi na muuza simu mmoja wa Kariakoo, na mwenye makosa nilikuwa mimi.

Nilinunua kwake simu ya bei ya chini, betri ya mAh 5,000 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), ndani ya boksi mna chaja ya wati 18. Siku za mwanzo ilinifurahisha. Naichomeka nikianza kuchoma chapati, mpaka nimekula na kuosha vyombo iko asilimia 40. Kisha nikaanza kuona tabia yake. Ikifika 80 inajikokota. Ikifika 95 unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukatafuta funguo nyumba nzima, ukirudi iko 98.

Nikairudisha chaja dukani. "Hii inachoka njiani," nikamwambia.

"Haichoki, kaka. Zote ndivyo zilivyo."

Jibu hilo nililichukulia kama jibu la mtu asiyetaka kurudisha hela. Nilimbana mpaka akanipa nyingine, nayo ikafanya vilevile. Nikanunua ya tatu kwa pesa yangu, hii imeandikwa wati 33, nikiamini nguvu ikizidi simu haitakuwa na la kufanya ila kujaa. Asilimia 80, ikaanza kujikokota.

Ndipo nikatafuta mita ya USB. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachokaa kati ya chaja na waya, kikaonyesha volti (msukumo wa umeme), ampea (wingi wa mkondo) na wati (volti mara ampea, yaani kasi ya umeme kuingia), na kujumlisha umeme wote uliopita. Nikaiacha simu iishe hadi asilimia 1, nikaketi na daftari. Ilikuwa Jumamosi, sikuwa na kazi nyingine ya maana.

Nusu ya kwanza ilichukua dakika 44. Kutoka 50 hadi 80, dakika 33. Kutoka 80 hadi 100, dakika 47. Yaani sehemu ya tano ya betri ilikula muda mrefu kuliko nusu nzima. Kwenye mita, wati zilianza 16 na ushee, zikawa 14 simu ilipofika 60, zikawa 9 kwenye 80, 6 kwenye 90, na 3 tu kwenye 97. Wati 18 zenyewe sikuwahi kuziona hata mara moja. Na kioo kilipoandika 100, simu iliendelea kunyonya wati 2 kwa dakika kama 20 zaidi, kimyakimya, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni.

Nikarudia siku mbili zilizofuata kwa chaja nyingine. Ni simu moja na majaribio matatu, kwa hiyo dakika zangu usizichukue kuwa dakika za kila simu. Ila umbo lilikuwa lilelile kwa majaribio yote matatu, na ile ya wati 33 haikuongeza chochote. Kesi yangu dhidi ya muuza simu ikafia hapo.

Kosa langu lilianzia kwenye jina. Kile tunachokichomeka ukutani na kukiita chaja, hakichaji. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuushusha uwe volti 5, au 9, au nyingine ambayo simu imeomba. Kuomba kwenyewe ni kweli kabisa: ukichomeka waya, simu na kile kiboksi huulizana kwa ishara. Wakielewana, volti hupanda. Wasipoelewana, hubaki kwenye 5 na simu hujaa polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Chaja halisi, ile inayoamua betri ipewe kiasi gani na lini, ni chipu ndogo iliyo ndani ya simu. Mafundi wa kompyuta wanaoiita ile ya laptop "adapta" wako karibu zaidi na ukweli kuliko sisi wengine.

Mimi nilikuwa nikiiwazia chaja kama pampu: imeandikwa 18, basi isukume 18, ikipungua imechoka. Lakini fikiria nyaya za TANESCO zinazoingia nyumbani kwako. Zinaweza kubeba pasi, jiko na jokofu kwa pamoja. Ukiwasha taa moja ya wati 9, zinatoa wati 9. Hakuna anayepanda kwenye nguzo kulalamika kwamba umeme umechoka. Taa imechukua inachohitaji, basi. Namba kwenye chaja nayo ni hiyohiyo: ukomo wa kinachoweza kutoka. Kitakachotoka kweli anaamua mnywaji, na simu yangu ilitengenezwa isinywe zaidi ya 18. Kuichomekea ya 33 ni sawa na kumwekea mtoto sinia la harusi.

Kwa hiyo swali lenyewe linahama. Si kwa nini chaja inapunguza, bali kwa nini simu inakataa.

Betri ya lithiamu-ioni iliyomo kwenye simu (Sony ndio walioiingiza sokoni mara ya kwanza, mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi Goodenough, Whittingham na Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoizaa) ina pande mbili. Unapochaji, ioni za lithiamu (atomi zenye chaji ya umeme) hutoka upande mmoja, huogelea kwenye kimiminika, na kujipachika upande wa pili ndani ya grafiti, jamii ya kaboni iliyomo kwenye penseli. Grafiti ni matabaka kwa matabaka, na ioni hukaa katikati ya matabaka hayo. Ikijaa, kila ioni moja ina atomi sita za kaboni.

Sasa chukua matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini. La juu, lililoinuliwa kwenye mnara, ni chipu ya kuchajia. La chini ni betri. La chini likiwa tupu, tofauti ya usawa ni kubwa, na maji yangekwenda kwa fujo kama kusingekuwa na koki ya kuyazuia. Hicho ndicho kipindi cha kwanza: chipu imeshika koki, mkondo unakwenda kwa kasi iliyopangwa. Lakini kadiri tangi la chini linavyojaa, usawa wake unalikaribia la juu. Ikifika hapo hata ukifungua koki yote, maji yanapungua kasi yenyewe, kisha yanapungua tena, na tone la mwisho ndilo la polepole kuliko yote. Kwenye betri, usawa huo ni volti. Ikiwa tupu iko kama 3.4. Ukomo wa betri nyingi za simu za siku hizi ni 4.4 na kidogo. Za zamani zilikuwa 4.2. Chipu ikigusa ukomo huo hailiinui tangi la juu hata kidogo. Inashikilia hapo na kusubiri.

Mtu mwenye haraka atauliza: si waliinue tu?

Hapo tutoke kwenye maji, tuingie kwenye daladala. Kituo cha mwanzo, viti vyote vitupu, watu ishirini wanaingia kwa mkupuo na kila mmoja anapata pa kukaa. Vikibaki viti vitatu, na vyote viko nyuma dirishani, mlango ni uleule na konda anapiga kelele zilezile, lakini kila abiria lazima apite kwenye magoti ya watu kumi. Konda akizidi kusukuma, watu hawafiki kwenye viti kwa haraka zaidi. Wanarundikana ngazini. Ioni zikisukumwa kuliko kasi ya grafiti kuzipokea, hurundikana juu yake na kugeuka kuwa metali ya lithiamu. Mfano wangu unaishia hapa, maana abiria wa ngazini hatimaye atashuka au atapata kiti, ila lithiamu iliyoganda hivyo sehemu yake hairudi tena kazini. Betri imepungua moja kwa moja. Na metali hiyo inaweza kuota vijiba vyenye ncha. Vikitoboa utando unaotenganisha pande mbili, njia fupi ya umeme (shoti) imepatikana, na moto hauko mbali. Yaani zile dakika 47 nilizokuwa nikizitukana ndizo zilizokuwa zikinilinda.

Baridi huzidisha hatari hiyo, kwa sababu ioni huwa nzito wa miguu. Chini ya nyuzi 0 betri hizi hazitakiwi kuchajiwa. Ni habari ya kumhusu mtu wa Makete, kule Njombe kwenye baridi, asubuhi ya sakitu. Sisi wa Dar adui yetu ni joto, ambalo halirundiki ioni lakini huizeesha betri, na chipu ikihisi simu imechemka hufunga koki mapema. Simu ileile, nikiichaji juu ya kitanda ikiwa na kava lake zito, ilinyonya wati chache kuliko ikiwa mezani mbele ya feni.

Kuna kioja kingine ambacho mita ilinionyesha. Betri ya mAh 5,000 kwa wastani wa volti 3.85 hubeba wati-saa 19 na robo (wati-saa moja ni wati moja kwa muda wa saa moja). Mita ilihesabu karibu 24. Nyingine ziliishia njiani: joto la waya, joto la chipu, na simu yenyewe iliyokuwa macho muda wote. Na ile "100" ni makubaliano tu. Hakuna kijiti cha kuchovya ndani ya betri kama fundi anavyochovya kwenye oili. Simu huhesabu mkondo ulioingia na kutoka, huangalia volti, kisha hukadiria. Ndiyo maana iliandika imejaa na bado inanyonya.

Je, kuishia 80 kunasaidia? Kemia inasema ndiyo, maana betri inayokaa muda mrefu kwenye volti za juu huzeeka haraka, hasa kwenye joto. Faida yake kwa miezi inategemea mno unavyoitumia, na simu za bei hii mara nyingi kioo hutangulia kuvunjika. Ule ushauri wa kuchaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuwasha simu mpya, au kuiacha iishe kabisa kila mara, ni urithi wa betri za nikeli. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilitoka nayo. Lithiamu haihitaji hata kimoja.

Ukitaka kujua kama chaja ni mbovu kweli, usiangalie mwisho. Ipime simu ikiwa chini ya 40, imetulia, haijapata joto. Hapo wati zikiwa chache, badilisha kwanza waya, kwa sababu waya mwembamba hula volti njiani, kisha ndipo umshuku aliye ukutani.

Chaja ile ya kwanza kabisa muuza simu alikuwa ameitupia kwenye droo. Nilipoenda kumwambia yote haya aliitoa, akaiweka mezani, akasema niichukue hiyo, ile ya pili iwe yake. Niliipima palepale kwa simu yake iliyokuwa na asilimia 22. Volti 9, wati 16.4.